Brokedi, damaski au darizi? Jibu liko upande wa nyuma

Tandaza mezani vitambaa vitatu vyekundu vyenye maua ya rangi ya dhahabu. Muuzaji anaviita vyote brokedi, na bei zake ni mbingu na ardhi. Ukivitazama kwa mbele utaishia kuchukua kinachong'aa zaidi, na kinachong'aa zaidi chini ya taa za dukani mara nyingi ni uzi wa plastiki. Vigeuze. Cha kwanza nyuma kina nyuzi ndefu zilizolala wazi kati ya ua na ua. Cha pili kina maua yaleyale, ila rangi zimebadilishana nafasi: uwanja umekuwa wa dhahabu na ua limekuwa jekundu. Cha tatu kina mishono ya uzi mweupe, na pembezoni mwa kila ua pamebaki vipande vya kitambaa kigumu kilichochanwa.

Cha kwanza ndicho brokedi. Cha pili ni damaski. Cha tatu kimedariziwa. Hakuna kinachoshinda vingine kwa kila kazi, lakini kila kimoja kina kazi kinayoimudu na kazi itakayokimaliza mapema, na sehemu kubwa ya unachotaka kujua kabla ya kulipa iko mgongoni.

Nakshi inavyoingia

Kitambaa cha kufumwa kina nyuzi za namna mbili. Mtande ni zile zinazofungwa kwanza kwenye kitanda cha mfumi, zikanyooshwa kwa urefu wote. Mshindio ni uzi unaokatiza kwa upana, ukipita juu ya nyuzi fulani za mtande na chini ya nyingine, hadi ukingoni na kurudi. Kwa hizo mbili kitambaa kimekamilika. Brokedi huongeza ya tatu, mshindio wa ziada ambao kazi yake ni pambo peke yake. Mfumi anapitisha mshindio wa kawaida ili kitambaa kishikane, kisha anapitisha ule wa pambo pale ua linapotakiwa kuonekana, kisha anarudi kwenye wa kawaida, mstari kwa mstari. Mtu mwenye subira akichomoa nyuzi zote za pambo kwa ncha ya sindano, atabaki na kitambaa kizima kisicho na tundu.

Jaribu hivyo kwenye damaski na utabaki na nyuzi mkononi. Damaski haina uzi wa ziada. Ina mtande mmoja na mshindio mmoja, mara nyingi wa rangi ileile, na ua hutokea kwa sababu mahali pamoja mshindio ndio unaojitokeza juu na mahali pengine mtande ndio unaotawala. Mwanga ukipiga, sehemu moja inang'aa na nyingine inafifia. Kiganja kikipita juu yake hakisikii mwinuko wowote. Ndiyo maana damaski hutumika pande zote mbili, hufuliwa bila hofu, na kwa karne nyingi imekuwa kitambaa cha meza, kilichofumwa kwa kitani na kuchemshwa kila kilipochafuka.

Darizi huja kitambaa kikiwa kimeshashuka kitandani. Sindano hutoboa na kuweka uzi popote fundi anapotaka, kwenye kola pekee, kifuani, pindoni, bila kugusa pengine. Hiyo ndiyo nguvu yake. Udhaifu wake ni kwamba sehemu yenye darizi hukakamaa na iliyo pembeni hubaki laini, kwa hiyo kitambaa chepesi hujikunja kandokando ya pambo baada ya kufuliwa.

Jakadi, ambayo wauzaji huipanga kama aina ya nne, haimo kwenye mashindano haya. Ni mtambo unaoinua kila uzi wa mtande kivyake. Juu yake hufumwa brokedi, damaski, hata taulo zenye nakshi. Lebo ikiishia hapo, imekutajia mtambo na muundo bado hujaambiwa, kwa hiyo unarudi palepale: geuza.

Kwa wengi uchaguzi unaishia hapa. Kitu kitakachofuliwa kila wiki, kama vile vitambaa vya meza, foronya na mashuka, kipe damaski. Pambo la mahali pamoja lipe darizi. Brokedi iweke pale unapotaka rangi nyingi au uzi wa metali, nakshi iliyoenea kitambaa kizima, na kitu ambacho hakitaonana na maji mara kwa mara. Kama bado unaitaka, kazi ya kuchagua ndiyo kwanza inaanza, maana brokedi zenyewe zina migongo mitatu tofauti.

Migongo mitatu

Mgongo wa kwanza ni wa uzi unaosafiri. Mshindio wa pambo unatoka ukingo hadi ukingo. Ukifika penye ua unapanda mbele. Ukimaliza ua unashuka nyuma na kuelea hadi ua linalofuata. Maua mawili yakiwa yameachana sentimita 10, kila mstari unaacha sentimita 10 za uzi usioshikwa na chochote. Rangi tatu za pambo ni nyuzi tatu zinazoelea pamoja. Kitambaa kinakuwa kinene na kizito kuliko kinavyoonekana kwa mbele, na mkono ukiingia kwenye shati lililoshonwa bila bitana, pete au ukucha utanasa tu. Faida yake ni kwamba uzi haukatwi popote isipokuwa kwenye ukingo, kwa hiyo maua hayafumuki. Na kwa kuwa mtambo haulazimiki kusimama katikati ya mstari, hii ndiyo njia rahisi ya kufuma na ndiyo brokedi utakayokutana nayo zaidi madukani.

Mgongo wa pili ni huohuo, ila nyuzi zinazoelea zimekatwa baada ya kufuma, kwa mkasi au kwa mashine ya kunyoa. Kitambaa kinapungua uzito mara moja. Kikiwa chembamba, mwanga unapita kati ya maua bila mistari ya uzi kuonekana, na kwa shela au mtandio hakuna njia nyingine ya bei ya kawaida inayoleta sura hiyo. Lakini tazama kwa karibu: kila ua limezungukwa na kope fupi za uzi, na kila kope ni mwisho wa uzi unaoshikiliwa na mbano wa nyuzi jirani tu. Kamata kope mbili tatu kwa kucha na uvute polepole. Zikikaa imara, sawa. Zikiteleza, maua ya kwenye kiwiko na ya chini ya mkoba yataanza kupungua baada ya kuvaliwa mara chache. Mimi nguo ya mtoto siwezi kuishona kwa kitambaa hiki hata kikiwa kizuri vipi, kwanza kwa sababu kope zinachoma ngozi, pili kwa sababu mtoto atazing'oa.

Mgongo wa tatu ni wa uzi unaorudi. Hapa kila ua lina kijiti chake kidogo kilichozungushiwa uzi. Uzi unaingia ndani ya ua, unafika kwenye mpaka wake, unageuka na kurudi, na hautoki nje ya ua hilo hadi limekamilika. Nyuma ya kitambaa panakuwa safi: ua lina mgongo wake mnene kidogo, na kati ya ua na ua hakuna kitu. Wafumi wa Varanasi, India, wanaiita kazi hii kadhwa, na wanaitofautisha waziwazi na ile ya kukata. Ukitaka kujua kwa nini bei inapanda, piga hesabu: maua 12 kwenye upana, kila moja lenye rangi 3, ni vijiti 36 vinavyopitishwa kimoja kimoja kwenye kila mstari, kabla ya mshindio wa kawaida kupita mara moja.

Mgongo huu wa tatu ndio unaochanganywa na darizi, hata na watu wanaouza vitambaa kila siku. Kuna njia ya kuvitofautisha isiyohitaji utaalamu. Piga picha ya ua kwa simu, ukuze. Katika brokedi, nyuzi za pambo zote zinalala sambamba na mshindio, yaani kwa upana wa kitambaa. Jani likipinda, mpaka wake unapanda ngazi ndogondogo, lakini uzi wenyewe haupindi. Katika darizi, uzi hufuata umbo: kwenye jani utalala mshazari, kwenye shina utanyooka juu, kwenye petali utazunguka. Uzi uliopinda haukuwekwa na mfumi.

Kati ya migongo mitatu, wa tatu ndio ninaoona unastahili fedha nyingi, na hapo pia ni kwa nguo utakayotaka iishi kuliko wewe. Kwa pazia ni ubadhirifu.

Mkono na mtambo

Kabla ya 1804, kufuma nakshi kubwa kulihitaji watu wawili kwenye kitanda kimoja. Mmoja alipitisha mshindio, mwingine alivuta kamba zilizoinua nyuzi za mtande kwa mpangilio wa nakshi. Nanjing, China, kazi hiyo bado ipo kwa brokedi inayoitwa yunjin: mfumi mmoja anakaa juu ya kitanda, mwingine chini, na nyuzi ni za hariri, dhahabu na manyoya ya tausi. UNESCO iliiweka kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2009. Songket ya Malaysia, inayofumwa kwa uzi wa dhahabu au fedha juu ya hariri au pamba, iliingia kwenye orodha hiyo mwaka 2021.

Wafaransa wa Lyon ndio waliomwondoa mvuta kamba. Basile Bouchon alitumia karatasi yenye matundu mwaka 1725, Jean-Baptiste Falcon akafuata na kadi zilizounganishwa mwaka 1728, na Joseph Marie Jacquard akaukamilisha mtambo mwaka 1804, ndio ile jakadi. Kila kadi ni mstari mmoja wa kitambaa: penye tundu uzi unainuka, pasipo tundu unabaki chini. Picha ya Jacquard mwenyewe, iliyofumwa kwa hariri mwaka 1839, ilihitaji kadi zipatazo 24,000. Mwaka 1872 Japani ilipeleka wafumi Lyon kutoka Nishijin, mtaa wa wafumi wa Kyoto, wakarudi na ujuzi huo. Jakadi ya kielektroniki ilionyeshwa 1983, na kadi zikaanza kugeuka kuwa faili.

Historia hii ina maana kwenye bei. Kitambaa kinachouzwa kama "cha mkono" kutoka Varanasi au Kyoto mara nyingi kimefumwa na mtu anayepitisha mshindio kwa mkono chini ya mtambo wa Jacquard unaoinua mtande kwa kadi. Hakuna udanganyifu hapo. Ni kazi ya mkono kweli. Ila usilipe bei ya yunjin ukidhani kuna mtu juu anavuta kamba. Muulize muuzaji maswali mawili: mtande unainuliwaje, na mshindio unapitishwaje. Anayejua anachouza atajibu bila kusita.

Usitegemee vitundu vya ukingoni kama ushahidi wa kazi ya mkono. Ni kweli kwamba mfumi hutanua kitambaa kwa fimbo yenye meno, na meno huacha alama. Lakini mitambo ya kiwandani nayo ina vishikio vyenye meno, na inaacha alama hizohizo. Ishara ya kuaminika zaidi ni mgongo wa uzi unaorudi wenye tofauti ndogondogo: ua moja limegeuzwa milimita moja mapema kuliko jirani yake, uzi wa rangi umefungwa upya mahali ambapo kijiti kiliisha. Mtambo ukikosea, unarudia kosa lilelile kwenye kila ua la safu hiyo. Kwa brokedi za Varanasi kuna pia hati ya utambulisho wa kijiografia, yaani ya kulinda jina la bidhaa ya eneo hilo, iliyotolewa mwaka 2009, kwa hiyo mwenye bidhaa halali anaweza kuwa na lebo yake.

Na mtambo una sifa zake ambazo mkono hauna. Brokedi ya kiwandani ya samani huja na upana wa takriban sentimita 140, nakshi yake inalingana kutoka mita ya kwanza hadi ya mwisho, na kiti kimoja kikiharibika mwakani unaweza kuipata tena. Vitanda vya mkono hutoa kitambaa chembamba zaidi. Ukanda wa obi wa Japani una upana wa sentimita 30 hivi tu. Ukitaka kufunika makochi sita, mkono utakutesa.

Uzi wenyewe

Brokedi moja inaweza kuwa na mtande wa poliesta, mshindio wa pamba na pambo la viskosi, uzi unaotengenezwa kutokana na miti. Kwa hiyo ukifanya jaribio la moto, chomoa uzi kutoka kila kundi na uuchome peke yake, juu ya sahani, mbali na kitambaa. Hariri hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika kidoleni. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Pamba na viskosi hunuka karatasi, kwa hiyo moto hautakusaidia kuzitofautisha. Hapo tumia mng'ao, maana viskosi hung'aa na pamba ya kawaida haing'ai.

Hariri inapokea rangi kwa kina ambacho poliesta haijafikia, na ni nyepesi kwa unene wake. Lakini jua linaila. Poliesta inavumilia jua, maji na pasi ya haraka, na kwa nguo ya sherehe itakayovaliwa kwenye joto itakufanya utoke jasho kabla ya hotuba ya kwanza. Viskosi ni ya kati kwa bei na ni nzuri kwa macho, lakini inapoteza nguvu ikilowa, kwa hiyo maua ya viskosi yasisuguliwe yakiwa na maji.

Uzi wa metali, zari, ndipo penye ulaghai mwingi. Zari halisi ni waya wa fedha uliovutwa mwembamba, ukabapwa, ukazungushwa kwenye uzi wa hariri, kisha ukapakwa dhahabu. Surat, India, ndio mji unaojulikana kwa kazi hiyo. Chini yake kuna zari ya shaba iliyopakwa fedha au rangi ya dhahabu, na chini zaidi utando wa plastiki uliopakwa metali na kukatwa vipande vyembamba kama uzi. Wajapani wana namna yao: dhahabu hubandikwa kwenye karatasi iliyopakwa laka, karatasi ikakatwa kuwa nyuzi bapa, na kila uzi ukafumwa ukiwa bapa vilevile. Hupendeza kwenye obi inayozungushwa kiunoni. Kwenye kiwiko ingevunjika.

| | Fedha yenye dhahabu | Shaba iliyopakwa | Plastiki yenye metali |
|---|---|---|---|
| Ukiukwangua | fedha, na ndani yake hariri | wekundu wa shaba | utando unabanduka |
| Uzito mkononi | mzito | mzito kiasi | mwepesi sana |
| Unavyozeeka | hufifia taratibu, huingia weusi kwa salfa iliyo hewani | hugeuka kahawia au kijani, jasho huharakisha | rangi hudumu, mng'ao hutoka kwa msuguano |
| Maji | usiloweke | usiloweke | maji baridi, ikiwa nyuzi nyingine zinaruhusu |
| Pasi | kwa nyuma, juu ya kitambaa kingine | kwa nyuma, juu ya kitambaa kingine | joto la chini kabisa, la sivyo hujikunja |

Kama pesa ya kununua zari halisi haipo, ninaruka ya katikati na kuchukua plastiki. Watu hushangaa, lakini shaba kwenye kwapa na shingo ni suala la muda tu, na ikishageuka rangi haisafishiki kirahisi. Plastiki inabaki ilivyo. Kwa pambo la ukutani au mto wa kuangaliwa tu, shaba haina ubaya.

Kuvaa, kukalia, kutundika

Brokedi ya nguo na brokedi ya samani hutofautiana kwanza kwa uzito. Ya nguo mara nyingi iko kati ya gramu 100 na 250 kwa mita ya mraba. Ya samani huanzia 300 na kupanda. Watu hununua ya samani kwa sababu nakshi ni kubwa na bei ni nafuu, kisha wanashangaa kwa nini koti linasimama lenyewe likivuliwa. Kusanya kitambaa kiganjani kama unayekamua, kisha uachie. Kikifunguka na kuanguka, kinaweza kuwa gauni. Kikibaki kimesimama na pembe zake, ni koti, sketi iliyonyooka, mkoba, au kiti. Brokedi haipendi marinda mengi wala sketi ya duara; kila kunjo linaongeza mgongo juu ya mgongo, na kiuno kinajaa.

Kwa kiti, swali ni msuguano na kunasa, na hayo ni mambo mawili. Msuguano hupimwa kwa mashine ya Martindale inayosugua kitambaa kwa mizunguko hadi nyuzi zikatike. Kwa makochi ya nyumbani ya kila siku kipimo kinachotafutwa ni kama 15,000 hadi 25,000, na 30,000 au zaidi kwa kumbi zenye watu wengi. Lakini nambari hiyo haisemi lolote kuhusu zipu ya suruali, kucha za paka au bangili. Hilo linaamuliwa na urefu wa uzi unaoelea mbele. Kipimo changu ni upana wa ukucha wa kidole kidogo: uzi wa pambo ukiwa wazi zaidi ya hapo bila kushikwa, sikiweki kitambaa kwenye kiti kinachokaliwa. Kinafaa mgongoni mwa kiti, au kwenye mto wa pambo. Ukitaka makochi ya watoto na bado unataka nakshi, rudi kwa damaski nzito, na usione umeshindwa.

Pazia lina tatizo lake, nalo ni mwanga wa nyuma. Shikilia kitambaa dirishani. Nyuzi zinazoelea mgongoni zitaonekana kama mistari ya kivuli kati ya maua, na ua lililopendeza mezani litaonekana limefungwa kamba. Bitana nzito huondoa kivuli hicho na pia huikinga hariri na jua. Asiyetaka gharama ya bitana asinunue brokedi kwa dirisha linalopigwa na jua.

Kisha kuna marudio ya nakshi, yanayosahaulika hadi fundi anapopiga simu kuomba kitambaa zaidi. Tuseme pazia linahitaji urefu wa sentimita 230 pamoja na mapindo, na nakshi inajirudia kila sentimita 64. Ili maua ya vipande vyote yalingane, kila kipande lazima kikatwe kwa marudio kamili, na marudio 4 ni sentimita 256. Kwa vipande 4 unahitaji mita 10.24, wakati kitambaa kitupu kingetosha mita 9.20. Zaidi ya mita nzima imekwenda kwenye kulinganisha tu. Nakshi ndogo ya marudio ya sentimita 8 ingehitaji sentimita 232 kwa kipande, yaani mita 9.28 kwa vyote, na hasara isingezidi upana wa kiganja. Kwa hiyo unapolinganisha bei za mita za brokedi mbili, linganisha bei ya kazi nzima. Ile ya bei ndogo yenye ua kubwa inaweza kukugharimu zaidi.

Kabla fundi hajashika mkasi

Brokedi hufumuka kuliko vitambaa vingi, kwa hiyo mshono wa sentimita 1.5 ni mdogo. Acha 2, na kingo zipigwe zigizaga kabla ya kuunganisha vipande. Vipande vyote vielekee upande mmoja, maana mng'ao hubadilika ukigeuza, na vikatwe kimoja kimoja bila kukunja kitambaa mara mbili ili ua lionekane linapoangukia. Sindano iwe mpya na nyembamba, namba 70 au 80. Iliyobutuka huvuta uzi wa pambo mstari mzima. Vifungo vya kitanzi ni salama kuliko matundu ya vifungo. Bitana ni lazima, isipokuwa kwa mgongo wa uzi unaorudi uliofumwa vizuri sana, na hata huo mimi naufunika.

Utunzaji nao uingie kwenye uamuzi. Brokedi ya zari halisi haikunjwi na kusahaulika. Waya bapa huvunjika kwenye kunjo, na kunjo likirudiwa palepale kila mwaka panakuwa ufa. Huzungushwa kwenye bomba la karatasi, au hukunjwa mahali tofauti kila inapotolewa. Manukato hunyunyizwa kabla ya kuivaa, yakauke. Mpira, hata wa kufungia nywele, usikae nayo sandukuni, kwa sababu ya salfa. Kama hayo yote ni kero kwako, poliesta yenye mshindio wa plastiki na migongo inayoelea, ikiwekewa bitana nzuri, itakuhudumia vizuri kwa robo ya wasiwasi.

Ukibaki na mbili usizoweza kuzichagua, omba kipande cha sentimita 10 cha kila moja. Kikwangue, kichome uzi mmoja mmoja, kivute kope zake, kipige pasi ya joto la chini kwa nyuma, kisha kisugue kwa mshono wa suruali ya jinzi mara mia moja. Muuzaji anayekataa kutoa sentimita 10 za kitambaa cha mita 12 amekupunguzia kazi; inabaki moja.